Kapsuli za bitiruti kwa mkimbiaji: zina kazi, au ni rangi tu?

mwendo_wa_asubuhi

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaoelewa lishe ya wakimbiaji. 10 km naimaliza kwa dakika 47, nusu marathoni kama saa 1 na dakika 45. Nina kopo la kapsuli za unga wa bitiruti, 500 mg kila moja, maelekezo yanasema mbili kwa siku. Nazimeza asubuhi na chai, nusu saa baadaye niko njiani. Kopo linakaribia kuisha na saa yangu haijasogea hata kidogo.

Nataka kujua tatizo ni kapsuli zenyewe, ni muda ninaozimeza, au habari nzima ya bitiruti imekuzwa tu. Juisi ya kukamua nyumbani inaweza kushika nafasi yake? Kiasi gani? Nina shindano la 10 km wiki tano zijazo, linaanza saa 12 asubuhi, na nusu marathoni baadaye. Mkinijibu kwa vipimo nitashukuru, maana "kunywa ya kutosha" nimeshaisoma kila mahali.

GramuKwaGramu

Mkuu, tatizo la kwanza ni hesabu. Kinachomsaidia mkimbiaji kwenye bitiruti ni nitrati, si ile rangi nyekundu wala madini ya chuma yanayosifiwa kila siku. Kwa hiyo usiulize umemeza miligramu ngapi za bitiruti. Uliza umepata miligramu ngapi za nitrati.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu virutubisho vya wanamichezo mwaka 2018, na nitrati iliwekwa kwenye kundi dogo lenye ushahidi wa maana, pamoja na kafeini, kreatini, beta-alanini na sodiamu bikaboneti. Kipimo kilichotajwa ni 310 hadi 560 mg za nitrati, saa 2 hadi 3 kabla ya kuanza. Makala za kitaalamu huandika milimoli 5 hadi 9. Ukikutana na milimoli, zidisha kwa 62 upate miligramu.

Sasa turudi kwenye kopo lako. Kapsuli mbili ni gramu 1 ya unga. Hata tukiupendelea unga huo na kusema asilimia 2 ya uzito wake ni nitrati, umepata 20 mg. Kufika 400 mg utahitaji kapsuli 40 kwa mpigo. Hiyo siyo dozi tena, ni kopo zima. Na kumbuka hiyo asilimia 2 nimekukadiria kwa ukarimu. Bidhaa za bitiruti za madukani zilipopimwa na matokeo kuchapishwa mwaka 2019, tofauti ya nitrati ilikuwa kubwa mno kati ya chapa na chapa, na hata kati ya toleo moja na jingine la chapa ileile.

Lebo isome hivi. "Bitiruti 1,000 mg" haikwambii chochote. "Nitrati 400 mg" ndiyo namba unayoitafuta. Ikiandikwa "sodiamu nitrati 500 mg", nitrati yenyewe ni asilimia 73 ya uzito huo, yaani 365 mg. "Potasiamu nitrati 500 mg" inakupa kama 307 mg. Na ikiwa lebo imejaa maneno "pumzi", "mtiririko wa damu", "nguvu za asili" bila namba ya nitrati popote, irudishe kwenye rafu.

Zile chupa ndogo za 70 ml za juisi iliyokolezwa, aina inayotumika sana kwenye tafiti, nyingi huwa na takriban 400 mg. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walilinganisha dozi tatu: milimoli 4.2, 8.4 na 16.8, yaani takriban 260, 520 na 1,040 mg. Dozi ya chini haikuongeza muda wa kuvumilia kazi ngumu, ya kati iliongeza, ya juu haikuzidi ya kati. Kwa hiyo ukishafika 500 mg hivi, unachoongeza ni gharama na tumbo kuunguruma.

Kuhusu kukuzwa: ndiyo, imekuzwa. Ile asilimia 16 inayozungushwa kwenye matangazo inatoka kwenye utafiti wa 2009, wa Exeter hao hao. Watu walikunywa nusu lita ya juisi kila siku kwa siku 6, wakaendesha baiskeli kwa kazi isiyobadilika mpaka miguu ikagoma. Muda wa kugoma ndio ulioongezeka kwa asilimia 16. Sasa hakuna shindano linaloendeshwa hivyo. Kwenye umbali uliopangwa, tamko la Olimpiki linataja asilimia 1 hadi 3, na hiyo ni kwa kazi ya chini ya dakika 40. Kwa dakika zako 47, asilimia 1 ni sekunde 28. Zipo, lakini upepo wa usoni unazila zote.

Nyuzi_za_Misuli

Niongezee kwenye suala la muda, kwa sababu hiyo nusu saa yako ingeharibu kazi hata kama kapsuli zingekuwa na nitrati ya kutosha.

Nitrati haifanyi kazi ikiwa vilevile ilivyoingia. Inafyonzwa kwenye utumbo mdogo na kuingia damuni, kisha karibu robo yake inanaswa na tezi za mate na kurudishwa mdomoni. Huko bakteria waliojificha kwenye mikunjo ya nyuma ya ulimi wanaigeuza kuwa nitriti. Unaimeza nitriti hiyo pamoja na mate. Tumboni sehemu yake inageuzwa na asidi, iliyobaki inaingia damuni na kugeuka oksidi ya nitriki, gesi inayotanua mishipa ya damu, pale oksijeni inapopungua na asidi inapopanda. Pale hasa ni ndani ya msuli unaofanya kazi ngumu. Mzunguko huo ndio unaochukua saa 2 hadi 3 mpaka nitriti ifike kileleni kwenye damu. Ukianza kukimbia baada ya dakika 30, unamaliza kabla haijafika.

Angalia ni nini kinachoweza kukata mnyororo huo katikati. Wa kwanza ni maji ya kusukutulia yanayoua bakteria, hasa yenye klorheksidini: ukisukutua, unaua wafanyakazi wote wa kiwanda na nitrati yako inabaki nitrati mpaka itoke kwenye mkojo. Usiyatumie siku zote za dozi, siyo asubuhi ya shindano tu. Mswaki na dawa ya meno ya kawaida havina neno. Antibayotiki nazo zinapunguza bakteria hao, ila ukiandikiwa na daktari maliza dozi yako na uachane na bitiruti kwa wakati huo. La tatu wengi hawalifikirii: kutema mate. Kuna wakimbiaji wanaotema tangu wanapopasha misuli mpaka bunduki inalia. Kila tone hilo ni nitriti iliyokuwa inasubiri kumezwa.

Ukitaka kujua kama mdomo wako unafanya kazi, kuna vikaratasi vya kupimia nitriti kwenye mate. Kilowanishe kwa mate kabla ya kunywa, halafu kingine saa 2 au 3 baadaye. Rangi ya waridi inapaswa kukolea wazi. Kisipokolea, ama kinywaji hakina nitrati, ama umesukutua. Kikikolea, umejua kwamba mdomo umefanya sehemu yake, basi. Hakikwambii utakimbia kwa kasi gani.

Kuhusu inavyosaidia, bado pana mabishano. Kundi la Larsen wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, lilionyesha mwaka 2007 kwamba kwa kazi ileile mwili unatumia oksijeni pungufu baada ya siku 3 za nitrati. Mwaka 2011 walieleza kwamba mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli, zinakuwa na ufanisi zaidi. Waliojaribu baadaye hawakuliona hilo mara zote. Maelezo mengine, mengi yakitoka kwa panya, yanaelekea kwenye jinsi kalsiamu inavyotumika ndani ya nyuzi za misuli zinazojikunja haraka, na damu zaidi kufika kwenye nyuzi hizo. Kwa mkimbiaji jambo hili lina maana: nyuzi hizo ndizo unazoziita ukipandisha kasi, ukipanda mlima, au kwenye marudio ya mita 400. Mwendo wa kupiga soga hauziiti sana, kwa hiyo usishangae usipohisi kitu siku ya mbio laini.

Walio juu kabisa hupata kidogo au hawapati. Mwaka 2014 wakimbiaji 8 wa kiwango cha juu wa mita 1500 walipewa juisi, na kwa wastani hawakupata nafuu. Wawili tu ndio walioimarika. Wewe na dakika zako 47 uko kwenye kundi ambalo lina nafasi nzuri zaidi.

mpishi_wa_njiani

Juisi ya nyumbani inafaa, ila kubali mapema kwamba hutajua namba kamili. Nitrati kwenye bitiruti inategemea udongo, mbolea na mwanga. Kilo moja inaweza kuwa na chini ya 500 mg, nyingine ikapita 2,000 mg, na kwa macho zinafanana. Rangi kukolea siyo kipimo: rangi ni betanini, nitrati haina rangi.

Kwa hiyo lenga ujazo. Nusu lita ya juisi halisi ndiyo iliyotumika kwenye utafiti wa 2009 na ilibeba kama 340 mg. Utahitaji bitiruti karibu kilo 1 baada ya kukata majani.

Sugua chini ya maji yanayotiririka kwa brashi, udongo wote utoke kwenye mikunjo ya juu pale majani yalipoota. Kumenya si lazima, lakini ile harufu ya udongo imejaa zaidi kwenye ganda, kwa hiyo asiyeipenda amenye kwa kina kidogo. Kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Kwenye mashine ya kukamulia pitisha bila maji. Kwenye blenda weka maji 150 hadi 200 ml, saga mpaka ilainike, mimina kwenye kitambaa safi na kamua kwa nguvu mpaka makapi yabaki makavu na ya kumeguka. Nitrati iko kwenye maji, hivyo kukamua vibaya ni kuitupa. Maji uliyoongeza hayaiharibu. Yanakulazimu tu kunywa yote. Malizia na vijiko 2 vya mezani vya maji ya limau: yanakata harufu, na asidi inawachelewesha bakteria.

Hapa kwenye kuhifadhi ndipo watu wanapoharibu. Juisi mbichi ikikaa mezani nusu siku, bakteria wanaanza kugeuza nitrati kuwa nitriti ndani ya jagi. Hiyo siyo faida ya mapema, ni hatari, kwa sababu hujui ni nitriti kiasi gani. Ikitoa povu lisilokuwepo, ikiteleza kama ute au kunukia uchachu, mwaga. Kunywa papo hapo, au iweke kwenye friji chini ya nyuzi 4 na uimalize ndani ya saa 24. Kwa wiki nzima, igandishe kwenye vyombo vya 250 ml, ukiacha vidole viwili juu kwa sababu inatanuka, na uiyeyushe ndani ya friji, siyo kwenye kaunta. Mtoto mchanga asionjeshwe kabisa. Damu yake haivumilii nitriti kama ya mtu mzima.

Anayependa kula badala ya kunywa: ukichemsha vipande, nitrati inahamia kwenye maji na wengi wanayamwaga. Chemsha nzima, na ganda lake, mkia haujakatwa, au oka kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa 1 hivi, imefungwa kwenye karatasi ya alumini, mpaka kisu kiingie bila kusukumwa. Kuna jaribio la 2012 ambamo watu 11 walikula 200 g za bitiruti ya kuoka dakika 75 kabla ya kukimbia 5 km kwenye mashine. Tofauti ya jumla ilikuwa ndogo, lakini kipande cha mwisho walikimbia kwa kasi zaidi kwa asilimia 5. Mimi siku ya shindano bado ningechagua juisi. Gramu 200 za nyuzinyuzi alfajiri, halafu utikise tumbo kwa kilomita 10, ni kutafuta choo njiani.

mwendo_wa_asubuhi

Asanteni sana, kumbe nilikuwa nanunua rangi. Maswali mawili ya nyongeza kabla sijaanza. Nimeona watu wanauza sodiamu nitrati ya unga mweupe kwa mfuko, ni rahisi mara kumi kuliko chupa za juisi. Nikipima gramu nusu kwa mizani si ni kitu kilekile? Pili, mke wangu naye anakimbia na anatumia dawa ya presha. Anaweza kunywa pamoja nami?

famasi_ya_usiku

La kwanza: hapana, na nalisema kwa herufi nzito. Usinunue unga mweupe wa mfukoni. Nitrati na nitriti zinafanana kwa macho, zinauzwa sehemu moja, na herufi moja kwenye lebo ndiyo inayozitofautisha. Nitriti ya sodiamu inafunga hemoglobini isibebe oksijeni, na hata gramu moja ni ya kukimbizana hospitali. Dalili ni midomo na kucha kugeuka bluu au kijivu, kichwa kuuma, kuishiwa pumzi huku umekaa, kuchanganyikiwa. Akifika mtu katika hali hiyo, hospitali wana dawa yake, methilini bluu, lakini mwendo wa kufika huko ndio tatizo. Tena kemikali za mfuko zimetengenezwa kwa mbolea au maabara, hakuna aliyezipima kwa ajili ya kumezwa, na mizani ya jikoni inayoruka kwa gramu 1 haiwezi kupima nusu gramu. Juisi ina kinga yake ya asili: utashiba na kuchoka nayo kabla hujazidisha.

La pili: mkeo asianze bila kuongea na daktari wake. Juisi hii inashusha presha kweli. Mwaka 2008 huko London, nusu lita ilishusha namba ya juu ya presha ya watu wazima wenye afya kwa takriban 10 mmHg kwenye saa ya tatu hivi. Mwaka 2015 wagonjwa wa presha walikunywa 250 ml kila siku kwa wiki 4 na wastani ukashuka kwa karibu 8 kwenye namba ya juu na 4 kwenye ya chini. Ukiweka hilo juu ya kidonge, halafu jasho na kusimama ghafla baada ya kuvuka mstari, kizunguzungu kiko mlangoni. Daktari akiridhia, apime presha nyumbani kabla ya kunywa na saa 3 baadaye, siku ambayo hana mazoezi, na aandike namba ampelekee.

Anayetumia nitrogliserini au dawa nyingine za kundi hilo za maumivu ya kifua yanayotokana na moyo, au sildenafili na ndugu zake, aache kabisa dozi hizi za michezo. Aliyewahi kupata mawe ya figo ya oksaleti ajue bitiruti ina oksaleti nyingi, na majani yake zaidi. Mwenye ugonjwa wa figo ana suala la potasiamu pia.

Kiwango cha kila siku kinachokubalika kitaalamu kwa nitrati ni 3.7 mg kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 ni 222 mg. Dozi ya shindano inapita hapo. Mtu anayekula mboga za majani kwa wingi naye hupita, kwa hiyo siyo sababu ya hofu, ila ni sababu ya kuitumia kwa wiki za mashindano na mazoezi magumu, siyo mwaka mzima kama chai.

Mkojo wa waridi na choo chekundu havina madhara. Huwapata kama asilimia 10 hadi 14 ya watu na huisha ndani ya siku 2. Lakini tofautisha: mkojo wa kahawia kama kola baada ya mbio ndefu au ngumu, huku misuli imevimba na inauma isivyo kawaida, siyo bitiruti. Hiyo ni misuli inayovunjika na figo ziko hatarini. Usiisingizie juisi, nenda ukapimwe siku hiyohiyo.

saa_mkononi

Sasa ratiba ya 10 km inayoanza saa 12 asubuhi. Siku 3 hadi 5 kabla, dozi moja kwa siku ya 350 hadi 500 mg, wakati wowote ulio rahisi, lakini kama siku hiyo una mazoezi ya kasi weka saa 2 na nusu kabla. Usiku wa kuamkia shindano, dozi yako ya mwisho kati ya hizo za kila siku iwe na chakula cha jioni. Alfajiri, saa 9 na nusu unywe dozi ya shindano na urudi kulala. Chupa iwe kando ya kitanda, usiende kuitafuta jikoni. Asiyeweza kuamka muda huo anywe saa 10 kamili. Ni saa 2 kabla, bado uko ndani ya dirisha. Saa 11 kahawa yako kama umeizoea. Tafiti hazionyeshi wazi kwamba kafeini na nitrati zinajumlishana, lakini hazigombani.

Mlolongo wote huo ufanye angalau mara mbili kwenye mazoezi, pamoja na kuamka alfajiri. Bitiruti ina fruktani, aina ya wanga usiomeng'enywa vizuri, na kwa wenye utumbo mwepesi zinaleta gesi na kuhara ndani ya saa 1 au 2.

Sasa kuna swali ambalo hukuliuliza lakini ndilo litakalokusumbua: utajuaje kama imekusaidia? Mapigo ya moyo kwenye mbio laini hayatakwambia, na mtu aliyejua amekunywa huanza kwa kasi zaidi. Watafiti walilimaliza hilo kwa kuipitisha juisi kwenye chembechembe zinazonasa nitrati, ikatoka na rangi na ladha ileile bila nitrati. Sisi hatuna hiyo, ila mkuu kopo lako lililobaki lina kazi. Mpe mtu wa nyumbani chupa mbili za rangi nyeusi. Moja aweke dozi halisi ya juisi iliyokolezwa ndani ya 250 ml za juisi ya zabibu nyeusi. Nyingine afungue kapsuli 4 na kuukoroga unga ndani ya zabibu kiasi hichohicho. Ladha ya udongo ipo pande zote, nitrati ya upande wa pili haizidi 40 mg. Arushe sarafu aamue ipi siku ipi, aandike, asikwambie.

Wewe kimbia 3 km kwa nguvu zote kwenye uwanja, saa 2 na nusu baada ya kunywa. Jaribio moja kwa wiki, au mawili yakiachana siku 3 au zaidi ili nitrati iishe mwilini na miguu ipone. Viatu vilevile, saa ileile, kupasha kulekule, na siku ya upepo mkali ahirisha. Majaribio manne kwa kila chupa ndiyo angalau. Mkimbiaji wa kawaida hupishana na nafsi yake kwa asilimia 1 hadi 3 siku hadi siku bila kunywa chochote, kwa hiyo jaribio moja moja ni kamari. Mkojo ukiwa wa waridi siku moja na siyo siku nyingine, siri imevuja, na hilo liandike pia.

Kwa wiki zako tano, manane yanatosha kwa shida. Ukiona yanakula mazoezi yako, acha majaribio na ubaki na mazoezi. Hayo yanakupa zaidi ya asilimia 1.

Nyuzi_za_Misuli

Nakubaliana na saa_mkononi isipokuwa kapsuli 4. Rangi itakuwa hafifu, weka 6. Bado hutazidi 60 mg.

mwendo_wa_asubuhi

Nimeelewa, nimeshamkabidhi mke wangu kopo na sarafu. Yeye atachanganya tu, hatakunywa. La mwisho: nusu marathoni nifanye vivyo hivyo?

GramuKwaGramu

Kwa saa 1:45 punguza matarajio. Ushahidi mwingi mzuri unaishia kwenye dakika 40, na baiskeli za maili 50 zilipojaribiwa hazikuonyesha nafuu ya maana. Wanga 30 hadi 60 g kwa saa, maji, na kutoanza kwa kasi ya 10 km vitakuokolea dakika wakati nitrati inahangaika na sekunde.

Ukiamua kuitumia hata hivyo, ratiba ni ileile, ila dozi ya asubuhi iwe saa 2 kabla badala ya 2 na nusu, ili nitriti isiwe imeanza kushuka sana ukifika kilomita ya 15. Ijaribu kwanza kwenye mbio ndefu ya 16 hadi 18 km, pamoja na jeli au kinywaji cha wanga utakachotumia siku yenyewe, kwa sababu tumbo linaloivumilia juisi peke yake linaweza kuikataa ikikutana na jeli ya tatu. Likigoma, gawanya dozi: nusu jioni, nusu asubuhi. Likigoma tena, kimbia na wanga na maji tu.